Pikapu Ikitikisika Baada ya Matairi Mapya, Dereva Asikatwe Mshahara



Wenzetu kadhaa wa Bungoma na Kitale wametuomba tuandike juu ya jambo hili, nasi hatukuona sababu ya kukataa, kwa kuwa lagusa mfuko wa dereva na shingo za wale wanaopanda nyuma. Jambo lenyewe ni hili. Pikapu ya kazi hutiwa matairi mapya manne. Hutoka dukani ikipendeza. Kabla haijamaliza safari yake ya kwanza, usukani huanza kucheza mikononi mwa dereva kama mtu aliyeshikwa na homa. Dereva huripoti. Mkubwa huuliza, "Umeigonga wapi?" Fundi huitwa, huinama chini ya gari dakika mbili, kisha huandika orodha ndefu ya vipuri. Mwisho wa mwezi dereva hutazama karatasi ya mshahara na kuona kwamba vipuri vile amevinunua yeye.

Sisi twasema kwamba mwendo huu ni mbaya, na tena si wa kifundi. Gari lililoingia dukani likiwa tulivu, likatoka likitikisika, halikuharibika kwa uchawi. Kitu kilichoguswa mwisho ndicho kitazamwe kwanza. Na kilichoguswa mwisho ni magurudumu, wala si shokabsoba, wala si boljointi, wala si dereva.

Watu wa reli hawapati shida kuelewa maneno haya. Behewa likiacha njia, uchunguzi hauanzi na jina la mtu. Hupimwa njia, hupimwa magurudumu, unene wa ukingo na umbali kati ya gurudumu na mwenzake kwenye ekseli, ndipo watu huulizwa maswali. Tangu zamani fundi wa mabehewa alitembea kando ya treni na nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja moja na kutega sikio: zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichovunjika. Fundi yule hakumwuliza dereva kama aligonga kitu. Aliliuliza gurudumu. Basi kwa nini mtu huyohuyo akihamishwa kutoka relini akapewa pikapu ya kubebea genge na vyuma, aulizwe yeye kabla ya gurudumu?

Tuanze na swali ambalo kila dereva aweza kujibu bila jeki wala spana: gari hutikisika katika mwendo gani, na mtikisiko wasikika wapi? Ikiwa gari ni tulivu mjini, na huanza kutetemeka likifika kilomita 80 au 90 kwa saa, kisha pengine hutulia kidogo ukizidisha, basi karibu kila mara ni balansi. Ikiwa huyumba polepole hata kwa mwendo wa kilomita 20 au 30, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja, hiyo si balansi. Ni umbo: tairi si duara, au rimu imepinda, au gurudumu halikukaa sawa mahali pake. Mtikisiko ukiwa mikononi, tazama mbele. Ukiwa makalioni, tazama nyuma. Dereva akiandika mambo hayo mawili kwenye kikaratasi kabla hajasema na mtu, amekwisha kufanya nusu ya kazi ya fundi, na kikaratasi hicho kitamfaa siku ya kujibu barua.

Sasa nati. Hapa tutakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu hufia.

Pikapu nyingi za kwetu, Hilux na D-Max, zina nati sita kila gurudumu. Vijana wa dukani, kwa haraka ya wateja, huzikaza kwa mashine ya upepo, wakianza na iliyo karibu na kuzunguka kufuata mfululizo. Nati ya kwanza ikivutwa mpaka mwisho peke yake, upande ule wa rimu hulala kwenye habu na upande wa pili hubaki umeachama kidogo. Nati nyingine zikija kukazwa, rimu imekwisha kushikwa ikiwa imeinama. Kwa jicho huioni. Kwa kilomita 80 utaisikia. Njia iliyo sawa ni kuzishika zote kwa mkono kwanza, gari likiwa limeinuliwa, kisha kukaza moja na kwenda kwa inayoikabili ng'ambo, kidogo kidogo, mizunguko miwili. Kisha kulishusha gari na kumalizia kwa spana ya kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari lile. Nguvu ya rimu ya chuma na ya rimu ya alumini si lazima ziwe moja, na hata nati zake huweza kutofautiana: nyingine zina kichwa cha pia kinachozama katika tundu, nyingine ni bapa na zina washa. Ukibadilishiwa rimu na kuachiwa nati za zamani, usikubali mpaka uone zinavyokaa.

Na kabla ya nati kuna uchafu. Kutu, rangi au udongo uliokauka kati ya habu na rimu, hata unene wa kucha, hulifanya gurudumu zima lipepesuke. Anayejua barabara za ndani za Trans Nzoia wakati wa masika hahitaji kuelezwa udongo ule mwekundu unavyoshika. Brashi ya waya na dakika tano zatosha. Lakini dakika tano hizo hakuna anayemlipa kijana wa dukani, naye analipwa kwa idadi ya matairi. Hatumlaumu sana, naye ni mfanyakazi.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 nati zikazwe tena. Jambo hili limeandikwa katika vitabu na kusemwa na kila fundi wa kweli, lakini hatujaona ofisi inayomwandikia dereva ruhusa ya kusimama njiani kulifanya. Kinyume chake, akisimama ataulizwa kwa nini amechelewa. Nati zilizolegea hupanua matundu ya rimu, hukata stadi moja, halafu ya pili, na gurudumu huliacha gari. Likilitupa gari kwenye mteremko kuelekea Webuye, katikati ya malori ya Malaba, hakuna atakayeuliza habari za kuchelewa.

Twaja kwa balansi. Wengine hudhani ni anasa ya magari madogo ya mjini. Haya, tufanye hesabu, ileile tuliyofundishwa shule ya misheni. Kilomita 80 kwa saa ni kama mita 22 kwa sekunde. Tairi la pikapu lenye urefu wa sentimita 70 toka chini hadi juu huzunguka mara moja kwa kila mita 2 na robo hivi. Kwa hiyo kwa mwendo ule linazunguka kama mara 10 kwa sekunde. Ikiwa upande mmoja wa rimu una uzito wa ziada wa gramu 50 tu, uzito wa yai dogo, basi kwa mwendo ule huvuta kwa nguvu ya kilo 4 hivi, mara juu, mara chini, mara 10 katika kila sekunde. Mwendo ukiongezeka mara mbili, mvuto huongezeka mara nne. Bonge la tope la robo kilo lililokauka ndani ya rimu ni kama kumfunga mtu pale mwenye nyundo. Ndiyo maana dawa ya kwanza ya gari lililotoka shambani ni maji na kijiti: safisha ndani ya rimu, upande ule usioonekana, kabla hujatoa shilingi moja.

Vipande vya risasi vinavyobanwa kwenye ukingo wa rimu ndivyo vinavyosawazisha uzito. Duka likitoa tairi la zamani na kuvaa jipya bila kulipandisha gurudumu kwenye mashine, vipande vya zamani havina maana tena, maana vilipimwa kwa tairi jingine. Na vikidondoka huacha alama safi kwenye rimu. Alama hiyo itafuteni. Matairi mengine mapya yana doti ndogo ya manjano ubavuni: mahali pale ndipo palipo pepesi zaidi, na fundi anayejua kazi huielekeza doti hiyo kwenye valvu.

Limebaki tairi lenyewe. Liko jipya lililo zee. Someni ubavuni herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne: 2319, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililosimama miaka mingi stoo likilemewa na mengine huweza kupoteza uduara wake, na meno yake yakawa bado mapya kabisa. Tena tazameni mstari mwembamba uliochorwa kwenye mpira karibu na rimu. Mstari huo uwe na umbali uleule kutoka kwenye rimu kuzunguka pande zote. Ukizama mahali pamoja, tairi halikukaa vizuri kwenye rimu. Litolewe upepo, lipakwe maji ya sabuni, lijazwe tena. Na kujua kama rimu imepinda hakuhitaji mashine: inua gari, simamisha kipande cha chaki juu ya jiwe karibu na rimu, zungusha gurudumu kwa mkono. Pengo kati ya chaki na rimu likifunguka na kufunga, umeona. Fanya hivyo tena kwa tairi. Mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya kazi hiyo, ila jeki iwekewe kigingi na mtu asiingie chini.

Tutaje tuliloliona wenyewe, bila majina. Majira ya mvua yaliyopita pikapu moja inayobeba watu wa njia ilitiwa matairi mapya manne Kitale, ikarudi Bungoma. Kufika Kiminini usukani ulikuwa umeanza; Kamukuywa dereva alipunguza mwendo; tangu Misikhu alikuja kwa kilomita 40, na watu sita nyuma wakiwa wameshika mbao kwa mikono miwili. Kesho yake aliambiwa ameipiga gari kwenye shimo. Orodha ilikuja: boljointi mbili, shokabsoba mbili za mbele, na kunyoosha magurudumu kwa mashine. Sehemu ya gharama ingekatwa kwake kwa miezi mitatu.

Jioni ile tuliliinua gari wenyewe. Gurudumu la mbele la kulia lilikuwa na udongo mkavu kati ya habu na rimu, nene upande mmoja. Nati mbili kati ya sita zilifunguka kwa spana ndogo bila kutumia nguvu. Tulisugua, tukakaza kwa kuvukanisha, dereva akaenda nalo mpaka nje ya mji: kule kuyumba kwa mwendo mdogo kulikwisha, lakini kwa kilomita 85 bado mikono ilitetemeka. Hapo tulifanya jaribio ambalo twalipendekeza kwa kila mtu, maana halina gharama wala halidanganyi. Tulihamisha magurudumu ya mbele yakaenda nyuma, na ya nyuma yakaja mbele. Mtikisiko ukabaki, ila sasa ulitoka mikononi ukahamia kwenye kiti. Kama ungekuwa wa boljointi au shokabsoba za mbele, ungewezaje kuhamia nyuma pamoja na magurudumu? Rimu moja ilikuwa na alama safi palipodondoka risasi. Gari lilipelekwa likapimwa balansi, likatulia. Hakuna kipuri hata kimoja kilichonunuliwa. Barua ya kukata mshahara haikufutwa mpaka katibu alipokwenda mwenyewe ofisini na kusimama.

Hatusemi kwamba mafundi husema uongo siku zote. Matairi mapya hufichua maradhi ya zamani. Meno mapya hushika barabara kwa nguvu, na ulegevu ambao matairi yaliyolika yalikuwa yakiuvumilia hujitokeza. Kwa hiyo baada ya kumaliza habari za nati, uchafu, balansi na umbo, na gari bado linatikisika, ndipo yafaa kushika gurudumu lililoinuliwa, mkono mmoja juu na mwingine chini, na kulitingisha. Likicheza, mwenzako akanyage breki: mchezo ukitoweka, beringi imelegea, ukibaki, ni boljointi. Kisha shika kushoto na kulia: likicheza hapo, ni vichwa vya vyuma vya usukani. Land Cruiser na Land Rover za zamani zenye ekseli nzima mbele zina ugonjwa wao wa pekee: gari likiruka tuta kwa kilomita 60 au 70, usukani hupigwapigwa kwa ukali na hautulii mpaka usimame karibu. Hilo ni jambo la beringi za shingo za ekseli na vyuma vilivyolegea, na matairi mapya huliamsha tu. Lakini hayo yote ni ulegevu wa miaka, si wa siku moja ya dereva mmoja. Boljointi hailiwi kati ya Kitale na Kiminini.

Juu ya kunyoosha magurudumu kwa mashine, ambako sasa kila duka lina bango lake, twasema neno moja: magurudumu yasiyonyooka hulivuta gari upande na kula tairi ukingoni. Kwa kawaida hayalitikisi. Ukienda na mtikisiko ukauziwa kunyoosha, umelipia dawa ya jino kwa ajili ya mguu.

Sasa sheria, maana wengine wetu hukatwa mshahara kwa kutojua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi aliiharibu kwa makusudi yake. Makusudi. Udongo uliokauka kwenye habu si makusudi ya dereva, na ni juu ya anayekata kuonyesha makusudi hayo, siyo juu ya dereva kuonyesha kwamba hakukusudia. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huohuo, kifungu cha 14, yamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa anayoiona kwa sababu za haki, na yasema mwajiri asimrudishe penye hatari hiyo kabla haijaondolewa, wala mfanyakazi aliyejiondoa kwa sababu hiyo asifukuzwe wala kuadhibiwa. Pikapu inayotikisika na watu sita nyuma ni mahali pa kazi sawa na karakana. Polisi naye akiisimamisha barabarani hataiuliza ofisi kwanza. Atamwuliza aliyeshika usukani. Kwa hiyo ripoti iwe ya maandishi, yenye tarehe, mwendo wa gari, na mahali mtikisiko ulipoanza, na nakala ibaki kwa mwandishi wake.

Tumesikia jibu la wakubwa: kwamba mambo haya yatawapa madereva visingizio vya kukaa kivulini. Huenda yupo mmoja wa namna hiyo. Katika kila genge hakosi. Lakini robo saa ya jeki na brashi ni ndogo kuliko siku mbili za gari kulala gereji likingoja boljointi zisizohitajika, na hesabu hiyo hata mhasibu aijua.

Haya ndiyo tunayotaka tawi liyapeleke kwa waajiri wa pande zetu. Kila mahali penye pikapu za kazi pawe na spana moja ya kipimo, brashi ya waya na daftari. Gari likitoka kutiwa matairi, jina la duka, tarakimu za DOT na kilomita za siku hiyo ziandikwe. Dereva apewe ruhusa ya kusimama baada ya kilomita 50 akaze nati, na muda huo uhesabiwe kuwa wa kazi. Gari lenye mtikisiko lisibebe watu nyuma mpaka limetazamwa. Na pasikatwe senti ya mtu kabla magurudumu hayajahamishwa mbele na nyuma, mwakilishi wa chama akiwapo akiona kwa macho.

Katibu ameahidi kuliweka jambo hili katika mkutano ujao wa tawi. Wanachama wa Kitale waliokwisha kukatwa kwa sababu ya matairi walete karatasi zao za mshahara na barua walizopewa, hata kama ni za mwaka juzi. Wenye gari linalotikisika waje nalo. Tutakuwa na jeki mbili na chaki.